Mizani Juu ya Mlango

Mlangoni pa kanisa kuu la Autun, Ufaransa, Hukumu ya Mwisho ilichongwa kwenye jiwe karibu na mwaka 1130, kwa mtindo wa Kiromaneski. Mikono mikubwa inamkaba mwenye dhambi. Pepo anavuta mizani iinamie upande wake. Sisi Walutheri tunasita hapo: neema iko wapi? Lakini tumtazame Kristo wa katikati. Anawapita wote kwa ukubwa, ametulia, amekunjua mikono, wala haigusi mizani. Kwetu, hapo ndipo mchongaji alipohubiri. Kwingine alitisha tu. Mwaka 1766 mapadri walioidharau kazi hiyo waliifunika kwa lipu, wakavunja kichwa cha Kristo kilichojitokeza mno. Lipu ilibanduliwa 1837. Kichwa kilirudishwa 1948.