Anayeshuka Kitonga kwa Utulivu

Dereva bingwa wa lori mtazame akishuka mlima. Tambarare kila mtu ni dereva. Huyu ametoka Tunduma na tani za shaba mgongoni, Ilula ameshaipita, mteremko wa Kitonga uko mbele yake. Kabla barabara haijainama ameshapunguza mwendo, ameingiza gia nzito na kuwasha breki ya injini. Tela linasukuma kwa nyuma, naye ametulia.

Wengi hudhani upepo wa mitungini ndio unaolikamata lori. Ni kweli ukikanyaga pedali. Lakini kwenye breki ya kuegeshea kazi imegeuzwa: springi kali ndiyo inayobana, upepo unaizuia. Upepo ukiisha mitungini, springi hufyatuka na magurudumu hukamatwa. Wazo la kuufanya upungufu wa upepo uwe breki si la jana. George Westinghouse wa Marekani alilitia kwenye treni mapema miaka ya 1870.

Mshale wa geji ya upepo ukifika karibu na baa 8, kompresa hupumzika. Ukishuka hadi kama 4, king'ora hulia. Ila geji haisemi yote, na hapa ndipo penye ufundi. Upepo unaweza kujaa tele na lori lisishikike, maana dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia lainingi. Anayekanyaga na kuachia ovyoovyo naye anajimaliza: kila akiachia, pshii, upepo alioutumia umetoka nje, na kompresa haiwahi kuurudisha. Bingwa hukanyaga mara moja kwa uzito, mwendo ukapungua kama kilomita 8 kwa saa chini ya ule aliojipangia, kisha huachia kabisa breki zipoe. Mwendo ukirudi, anarudia. Kuteremka na nyutro ili kuokoa dizeli (wapo, na wapo matajiri wanaowasifu kwa kuwahi) hakuna jina la adabu.

Ruaha Mbuyuni anaegesha pembeni, anashuka na utingo. Wanazunguka lori, kiganja kikikaribia kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kuliko mengine linaangaliwa, huenda breki yake haiachii. Wanachuchumaa kwa muda mrefu zaidi penye gurudumu la baridi: hilo mlima mzima halikushika, wenzake wamelifanyia kazi.