Sifa kwa Mwimbaji wa Karisi

Msomaji wa Bukavu akikutana na baladi za Uskoti, zile nyimbo za mapigano ya mpakani na wapenzi walioangamizwa na ndugu zao, haoni ugeni. Kaskazini yetu, katika misitu ya Walikale, Wanyanga wana karisi: utenzi wa shujaa unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa kwa wakati mmoja.

Mwaka 1956 mwimbaji wa Kinyanga, Candi Rureke, alimtolea mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, utenzi wa Mwindo kwa siku 12. Mkononi kibuyu chenye mbegu, miguuni njuga, vijana pembeni wakigonga vijiti. Hata waliokuwa wakiandika aliwaingiza katika wimbo, akiwahimiza wasibaki nyuma. Hapo ndipo ninapouona ufundi wake. Hadithi ni ya mababu, lakini aliye mbele ya mwimbaji, hata awe mgeni mwenye kalamu, anakuwa mmoja wa wahusika papo hapo.

Na hadithi yenyewe? Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa wana wa kiume. Mwindo akazaliwa akitembea na kusema. Baba akamrushia mikuki, akamzika, mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni. Ni miujiza, ndiyo, lakini chini yake mna swali la urithi ambalo kila ukoo wa watawala unalijua: mzee atakubali lini kuachia kiti? Baladi za Uskoti nazo zilichipuka kwa koo zilizoibiana ng'ombe, na kwa vita kama vya Otterburn, 1388. Huko mwimbaji hukata kisa na kumwacha msikilizaji ajazie. Rureke hupanua, mpaka kuzimu, mpaka mbinguni, ambako Nkuba, radi, anampandisha shujaa mwenye majivuno ateswe na baridi na jua hadi anyenyekee. Mimi namsifu zaidi Rureke.

Margaret Laidlaw, mwimbaji wa baladi wa Uskoti, alimlaumu mwandishi Walter Scott kwa kuzichapa nyimbo alizomwimbia, maana ziliundwa ziimbwe. Nakubaliana naye nusu. Bila kitabu cha Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, kilichotoka 1969, wengi wetu tusingemjua Mwindo. Lakini karatasi haipumui. Wanafunzi wa Bukavu wenye asili ya Mwenga na Shabunda, popote palipo na mzee wa Kirega anayeweza kuimba Mubila, utenzi wa shujaa wa Warega, waende na simu zao, warekodi pia njuga, kikohozi na vicheko vya wasikilizaji.