Njama, Siri na Mambo ya Wazee

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutajia elimu isiyokuwa wazi kwa kila mtu. Siri, fumbo, ghaibu, batini, uganga: yote haya huhesabiwa kuwa ya ukoo mmoja, na mwandishi asiye mwangalifu huyatumia kana kwamba moja laweza kukaa mahali pa jingine pasipo hasara. Hasara huonekana neno lipelekwapo kwenye jambo lenyewe, na wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zafaa sana kwa jaribio hilo.

Wakurya wa huko wana mabaraza ya namna mbili. Ritongo ni mkutano wa hadhara, ambapo mambo ya ukoo husemwa mbele ya watu. Inchama ni kikao cha wazee wachache wanaokutana faraghani, nao ndio washikao elimu ya mambo mazito, kama vile majira ya tohara. Wafasiri wengi huiita inchama "baraza la siri". Tafsiri hiyo si ya uongo, walakini imepinda. Siri katika usemi wa kila siku ni habari tu: hutunzwa, huvuja, hutobolewa, nayo ikiisha kutobolewa haipo tena. Elimu ya inchama haimaliziki kwa kusikiwa. Kijana aliyetega sikio nyuma ya ua akapata maneno yote bado hana elimu ile, maana hana umri wala cheo cha kuyatamka yakawa na nguvu.

Fumbo halifai hata kidogo, kwa kuwa fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe. Ghaibu nalo ni la Mungu. Batini lina heshima, na kinyume chake, dhahiri, kinalingana vizuri na ritongo; ila ni neno la chuoni na la washairi wa pwani, na atakayelitamka sokoni Mugumu ataombwa alieleze. Ama uganga, huo una jirani mbaya. Tangu sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, mpaka kati ya mganga na mchawi umekuwa jambo la mahakama pia, si la kamusi peke yake.

Lililo karibu zaidi kwa sauti ni njama. Kufanana kwa sauti si hoja ya kutosha, lakini maana nazo zakutana: inchama na njama ni mashauri ya watu wachache waliojitenga. Kikuyu pia kina njama, nayo ni baraza lenye heshima. Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938 alieleza njama ya ita, yaani baraza la vita. Kiswahili ndicho kilichoishusha njama. Leo njama "huliwa", na atakayekula njama husomewa shtaka. Hivyo mzee wa inchama akitafutiwa neno la Kiswahili lililo jirani na lake, huingia kizimbani kabla hajatenda neno.

Watu wenyewe, wasemapo Kiswahili, wana njia nyepesi: "hayo ni mambo ya wazee." Hakuna kamusi itakayoupa usemi huo nafasi kama kisawe cha batini, na hapo kamusi zitakuwa zimekosea. Usemi huo haudai kwamba jambo halijulikani. Wataja tu ni nani mwenye ruhusa ya kulisema. Waikoma wa Serengeti wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo mapokeo yasema zilitoka kwa nabii wa Watatoga. Kuwapo kwake si siri kwa mtu yeyote. Kilichofungwa ni haki ya kuzishika na kuzisemea.

Lakini wepesi huo una gharama. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na nyumba za Masanga na Mugumu zimewapokea wasichana waliokimbia kisu. Msichana akiuliza kwa nini, hujibiwa kwamba ni mambo ya wazee, na swali hufia hapo. Usemi uleule unaolinda elimu humlinda na aamuaye. Magazeti yamezidisha ugumu kwa "wazee wa mila", na mara nyingine kwa "mila" tupu: mila imeamua, mila inataka. Hapo watu wamekwisha kutoweka katika sentensi, imebaki nomino isiyo na kinywa. Anayeandika kwamba inchama ya ukoo fulani imekutana na kutangaza mwaka wa tohara ameandika Kiswahili kizito zaidi kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambaye pengine atalazimika kuuliza inchama ni nini. Ila ameacha watu ndani yake, wenye umri na majina, ambao polisi wa Tarime na mama wa msichana wanajua pa kuwatafuta.