Ufundi wa Kuandika Wasifu wa Mzee

Katika misiba ya Ilomba, kama ilivyo kwingi jijini Mbeya, hufika wakati turubai zima linanyamaza: mtu anasimama na karatasi, anasoma wasifu wa marehemu. Mara nyingi karatasi hiyo imeandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na mtu aliyeteuliwa kwa sababu tu ana mwandiko unaosomeka. Kazi hiyo tunaidharau. Kuandika wasifu wa mzee aliyetutoka ni ufundi, na sijui njia nyingine ya uhakika zaidi ya kuitoa shukrani ndani ya huzuni. Shukrani haiji kwa kuhimizwa na mhubiri. Huja pale mtu anapolazimika kukumbuka alipewa nini hasa, lini, na nani aliyegharamika.

Tazama wasifu wa kawaida unavyokwenda. Alizaliwa Rungwe, au Kyela, au Ileje, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa na shirika la reli la TAZARA, alioa, ameacha watoto na wajukuu, alianza kuugua, akalazwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, akafariki. Aya ya ugonjwa huwa ndefu kuliko miaka yote ya kazi, kana kwamba mzee aliishi ili augue. Mwishoni yanabandikwa maneno matatu, mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, ambayo yangemfaa marehemu yeyote, na ndiyo sababu hayamhusu huyu. Mwandishi fundi angeuliza zaidi. Kama mzee alikuwa kwenye ujenzi wa reli hiyo kati ya 1970 na 1975, alibeba nini, alilala wapi, alijifunza nini kwa mafundi Wachina? Kama alistaafu akawa anakopesha mbegu za viazi kwa majirani bila kuandika deni popote, hilo lisemwe kwa majina ya mitaa na misimu. Jirani aliyekula viazi hivyo akisikia, hahitaji kuambiwa ashukuru.

Ufundi huu una wazazi wengi. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, walikuwa tangu karne ya 18 na desturi ya muumini kuandika mwenyewe habari za maisha yake. Akifa, wenzake huongeza habari za siku zake za mwisho, kisha yote husomwa siku ya maziko. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa hadi leo, ya mafundi seremala na ya wajane sawa na ya maaskofu. Upande wa pwani, mwandishi Shaaban Robert alimhoji mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950, kisha akamwandikia wasifu. Umaskini wa Siti na uuzaji wake wa vyungu haukufichwa, wala haukumpunguzia heshima. Bila vyungu, ukubwa wa safari yake usingepimika. Somo ninalolichukua kwa wote hao ni moja: kazi ilianza kabla ya kifo, mwenyewe akiwa bado anaweza kujibu.

Kwa Ilomba kuna jambo la ziada. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1951, alieleza jinsi Wanyakyusa walivyoishi katika vijiji vya marika, vijana wakijenga na vijana wenzao na kuzeeka pamoja. Urafiki ulikuwa wa rika. Mji umevunja mpangilio huo: kwenye viwanja vilivyobanana kandokando ya barabara kuu ya Zambia, mzee wa Kinyakyusa aliyetoka Tukuyu anapakana na kijana wa Kisafwa au Kikinga asiye na undugu naye wowote, na urafiki unaota. Rafiki wa namna hii anajua alasiri za mzee ambazo watoto wake waliohamia Dar es Salaam hawakuziona. Kwa hiyo kamati ya mazishi inapoiachia familia peke yake kuandika, inapoteza shahidi mzuri.

Wapo watakaosema wasifu ni uongo wa heshima, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Ni kweli kwa wasifu wa sifa tupu. Wa matendo hauhitaji kutia chumvi, na hata ukali wa mzee unaweza kutajwa bila kumvunjia heshima. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumsifu mtu kwa kirefu ni kumnyang'anya Mungu utukufu. Mimi naona kinyume chake. Mzee hawezi tena kupokea asante. Sehemu ya asante hiyo tunaweza kuwalipa wajukuu wake, na asiyeamini ataishia hapo kwa haki yake. Lakini wajukuu hawakupanga mzee huyu awe jirani yako, kwenye kiwanja ambacho angeweza kupewa mtu mwingine yeyote. Deni hilo linabaki mkononi bila mtu wa kulipwa, na muumini analipeleka kwa Mtoaji. Sidai kwamba huo ni uthibitisho wa Mungu. Nasema tu kwamba imani iliyopita kwenye viazi, reli na majina ya mitaa ina uzito ambao mahubiri ya jumla hayana.

Litabaki pingamizi la muda, maana gari la kwenda kuzika Kyela linanguruma na mshereheshaji anaonyesha saa. Basi ukurasa mmoja, uliosomwa taratibu, na aya ya hospitali ndiyo ikatwe kwanza. Karatasi yenyewe isiishie mfukoni mwa msomaji: ofisi ya usharika inayotunza daftari la ubatizo haikosi nafasi ya faili moja zaidi.