Ufalme Unaliwa Mzima: Nani Anakula, Nani Anatazama?

Wengi wetu hapa Kolwezi tunamjua Mufwankolo kwa kicheko. Tulimsikia redioni, tukamwona kwenye televisheni, tukacheka, tukalala. Leo tunapenda kumtazama kama mwalimu, maana kundi lake la Lubumbashi liliacha kazi moja inayotufunza jinsi watu wanavyoweza kujiongoza wenyewe.

Mwaka 1986 Johannes Fabian, mtaalamu wa mila aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliwauliza waigizaji hao juu ya msemo unaosikika kwetu kwa Kifaransa: ufalme unaliwa mzima. Hakupata jibu moja. Walikaa, wakabishana kwa Kiswahili cha kwetu, kisha wakaamua kuufanya mchezo. Hakuna aliyewaletea karatasi ya maneno. Kila mmoja alijua kisa na fasi yake. Maneno aliyatafuta mwenyewe kwenye mazoezi. Mchezo ulichezwa katika kijiji cha Kawama kwa ajili ya televisheni, na mwaka 1990 Fabian akatoa kitabu juu yake.

Kwetu, uzuri wa kazi hii hauko katika vichekesho tu. Uko katika utaratibu wake: swali kwanza, mabishano, uamuzi wa pamoja, njo kazi inafuata.

Sasa tutazame vile "maendeleo" yanavyotufikia hapa kwetu. Wazazi wetu walisema kampuni njo baba, njo mama. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilitoa nyumba, unga, masomo na lopitalo. Lakini mtoto haulizwi anataka kula nini. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, na jamaa nyingi zikabaki yatima, bila mazoea ya kujiamulia.

Sheria ya madini ya 2018 ilifungua mlango. Inadai kampuni inayochimba ipatane na wenyeji juu ya daftari la masharti, lile tunaloita cahier, na itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi yao: katika kila dola 1,000, dola 3. Fungu hilo linasimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa wenyeji wanakaa pamoja na wa kampuni. Kwenye karatasi, ni vizuri. Lakini katika mukutano mmoja tuliohudhuria, daftari lilisomwa kwa Kifaransa, mbio-mbio, na miradi yote imeshaandikwa. Mama mmoja akauliza: "Sasa sisi mulituitia nini?" Watu wakacheka. Hakujibiwa. Ulikuwa mchezo ambao maneno yake yaliandikwa na wengine. Wenyeji walibakiziwa kazi ya kupiga makofi.

Hata hivyo tusijisifu. Msemo ule unakata pande mbili. Kampuni ikituachia sahani, chefu na wazee wachache wanaweza kuila nzima na kusema ni mila. Sisi wa vyama vya utamaduni, tunaosema kwa jina la mila, tumo pia. Katika mdomo wa chefu msemo unamlinda. Katika mdomo wa mwenye njaa unamshitaki. Kwa hiyo haitoshi kusema "wenyeji waongoze." Tuulize: wenyeji gani?

Shauri letu ni dogo. Daftari lisomwe kwa Kiswahili cha kwetu, siku nyingi kabla ya kutia sahihi. Wamama na vijana wabishane kwanza kwao, pasipo bakubwa. Hesabu ya makuta itangazwe mbele ya watu wote, si ndani ya biro. Na anayetaka kutusaidia alete swali na uvumilivu, kama yule mgeni wa 1986. Asilete jibu ndani ya mfuko.

Na yule mama apewe jibu lake.