Maneno ya Kitaaluma Yalivyochujwa

Vitini vya kozi ya stadi za mawasiliano hupenda kubandika orodha ya maneno ya Kiingereza cha kitaaluma bila kueleza ilipatikanaje. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya Averil Coxhead wa New Zealand, iliyotoka mwaka 2000. Alikusanya matini ya maneno kama milioni 3.5, akayagawa mafungu manne yanayokaribia kulingana: sanaa, biashara, sheria na sayansi, kila fungu masomo saba. Elimu iliwekwa kwenye sanaa, pamoja na historia na saikolojia.

Kwanza aliyatoa maneno ya kawaida, zile familia 2,000 hivi (familia ni neno pamoja na yanayonyambuliwa kutokana nalo) za orodha ya Michael West ya 1953. Kwa yaliyobaki, familia ilipita ikiwa imeonekana mara 100 au zaidi kwa jumla, si chini ya mara 10 katika kila fungu, tena katika masomo yasiyopungua 15 kati ya 28. Zikapatikana familia 570, nazo zinabeba takriban asilimia 10 ya matini yale. Kwenye hadithi za kubuni hazifikishi hata asilimia 2.

Sharti la masomo 15 ndilo linalomgusa mwalimu mtarajiwa. *Assess* na *method* yamepita kwa kuwa mwanasheria na mkemia nao wanayatumia. *Curriculum* na *pedagogy*, ambayo mwanachuo wa ualimu hayakwepi hata wiki moja, hayamo. Silaumu mchujo; ulikusudiwa uwe wa fani zote. Namlaumu mhadhiri anayeigawa orodha kama ilivyo kwa darasa la ualimu, kisha akatunga mtihani wa kukariri.

Hesabu ya familia nayo ina lake. *Constitute*, *constitution* na *constituency* zimo kapu moja, ilhali anayeijua katiba hajajua jimbo la uchaguzi. Ndiyo maana Gardner na Davies, katika orodha yao ya maneno ya kitaaluma ya 2014, hawakuhesabu kwa familia bali kila neno peke yake, nomino mbali na kitenzi.

Ila kwa Mtanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili, pengo kubwa huwa kwa West, si kwa Coxhead: maneno yale ya kawaida ndiyo asilimia 76 ya matini. Na hata akizimaliza orodha zote mbili, katika kila maneno 100 bado 14 hivi yako nje. Hayo mhadhiri anaweza kuyapata mwenyewe: aziingize sura za kitabu cha kozi kwenye AntConc, programu ya bure inayopanga maneno kwa wingi wake, aondoe yaliyomo kwenye orodha hizo, kisha aanze kufundisha na yanayojirudia zaidi.