Dirisha la Kaskazini: Kuvusha Miche ya Viungo Kiangazi, Gulwe

Maelekezo mengi ya kulea miche ya viungo ndani ya nyumba yametoka Ulaya, ambako adha ya Desemba ni uhaba wa mwanga. London mwezi huo urefu wa mchana ni takriban saa nane tu, ndiyo maana wenzetu wananunua taa za miche. Gulwe, mkoani Dodoma, haina shida hiyo. Hata Juni mchana wetu unakaribia saa kumi na mbili. Kinachoua mrehani hapa ni usiku wa baridi, upepo mkavu na mkono wa mwagiliaji, na mkono ndio unaoongoza.

Mvua za Dodoma zikishakatika Aprili, hazitarajiwi tena mpaka Novemba inaishia au Desemba. Mche uliosiwa Mei ili ukapandwe na mvua unaishi kwenye kopo miezi kama saba. Juni na Julai usiku hupoa, na mrehani, mmea wa joto, hudumaa. Mche uliodumaa hunywa maji kidogo. Mwenye mche akiona majani yamelegea anadhani ni kiu, anaongeza kikombe jioni, udongo unalala umelowa, ugonjwa wa kinyausi unaingia. Shina husinyaa pale linapogusana na udongo, likawa la kahawia. Asubuhi mche umelala chini na majani yake bado ni mabichi.

Chombo nacho kina lawama. Chungu cha udongo kinapendeza, lakini kinafanya kazi ileile ya mtungi wa maji ya kunywa: unyevu unapenya ukutani, hewa kavu inaufyonza, kilichomo kinapoa. Kwa maji ni neema, kwa mizizi ya mrehani mwezi wa Julai ni adhabu. Kopo la rangi lililosuguliwa vizuri, au dumu lililokatwa na kutobolewa chini, huuacha udongo na joto zaidi. Chungu nakiachia rozimari, ambayo inataka mizizi ikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Hiyo usihangaike kuisia, mbegu zake huota kwa kusuasua. Chomeka kipande cha tawi kwenye mchanga wa mto uliooshwa.

Sasa dirisha. Gulwe iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi sita na ushee. Juni jua la saa sita mchana huegemea kaskazini kwa nyuzi karibu 30 kutoka utosini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua wakati wa baridi. Oktoba jua hupita utosini, kisha huhamia kusini, na dirisha lilelile linabaki kivulini joto linapoanza kuunguza. Miche inapata jua ikilihitaji na kivuli ikikihitaji, bila mtu kuhamisha kopo. Nyumba ya tembe ina faida yake, kwani kuta nene za udongo hutunza joto la mchana hadi usiku. Ila madirisha yake ni madogo, miche lazima ishinde barazani na kulala ndani. Ikishinda barazani, mbuzi nao wana habari.

Maji ndiyo yanayohitaji akili zaidi. Visima vingi vya mkoa huu vina chumvi, na ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, maji hupotelea hewani na chumvi inabaki. Utaiona, utando mweupe kwenye ukingo wa kopo na ncha za majani zilizokauka. Mwagilia asubuhi, mpaka maji yatoke chini, uyamwage, kisha usirudie mpaka kopo likiinuliwa liwe jepesi mkononi. Njia hiyo inasukuma chumvi nje na inaupa udongo nafasi ya kupumua kabla ya usiku, hivyo inazuia na kinyausi. Samadi mbichi usiitie kabisa. Iliyooza, kiganja kimoja kwa kopo kinatosha.

Novemba miche izoeshwe nje: kwanza saa moja ya jua la asubuhi, baada ya wiki moja na ushee kutwa nzima. Nanaa na mchaichai havihitaji uangalizi wote huu. Kipande chenye mizizi kikiwekwa karibu na bomba la maji kinajitegemea. Giligilani usijaribu kuivusha. Joto la Oktoba litaifanya itoe maua kabla hujaikatia hata kachumbari, bora usubiri usie upya.